Mipaka ya Hifadhi Bukoba na Muleba: Ilitoka Wapi, na Nani Anaitunza Kumbukumbu Yake?



Juma hili nawaalika tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa ni la madiwani na wataalamu wa ardhi peke yao, yaani mipaka ya maeneo yaliyohifadhiwa. Kila mara halmashauri zetu zinapoketi kupitia upya mipaka ya misitu, ya vyanzo vya maji na ya vijiji vinavyopakana na hifadhi, maswali yake hufika hadi katika jumuiya ndogo ndogo. Kigingi hiki kiliwekwa lini? Nani alikubali kiwekwe hapa? Kwa nini shamba la marehemu baba limekuwa ndani ya msitu, ilhali sisi tumelilima tangu utoto wetu? Na kwa upande wa pili: kwa nini msitu tulioukuta ukiwa mnene leo una mihogo na matanuru ya mkaa, na hakuna aliyesema neno?

Maswali haya hayajibiwi kwa hasira, wala hayajibiwi kwa kusoma tangazo lililobandikwa ofisini pa kijiji juma lililopita. Yanajibiwa kwanza kwa historia. Mtu asiyejua mpaka ulianza vipi hawezi kusema kwa haki kama umesogezwa. Kwa hiyo naomba tutembee pamoja, hatua kwa hatua, tangu siku za watawala wa jadi hadi siku zetu hizi, kisha tuone ni wajibu gani unatuangukia sisi.

Kibanja, rweya na mulamula

Katika nchi ya Buhaya ardhi haikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, pamoja na mibuni, maharage na miti ya matunda. Kibanja ndipo palipokuwa na makaburi ya wazee, na ndiyo sababu hata leo Mhaya aliye Dar es Salaam au ng'ambo hupenda kurudishwa kibanjani anapofariki dunia. Nje ya vibanja palikuwa na rweya, yaani uwanda wa nyasi. Huko ng'ombe walilishwa, nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani zilikatwa, na akina mama walilima musiri, shamba la msimu la njugu mawe na mazao mengine, kisha wakaliacha lipumzike.

Mpaka wa kibanja ulionyeshwa kwa mmea uitwao mulamula. Jina lenyewe lina mafundisho, kwa maana linatokana na neno la Kihaya la kuamua na kutawala. Mmea huu haufi upesi, ukikatwa huchipua tena, na kila mpita njia anautambua. Aliyeupanda hakuupanda peke yake gizani, bali mbele ya jirani na mbele ya wazee waliotambuliwa, ili siku ya ugomvi wawepo wa kushuhudia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Waisraeli wa kale, ambao Torati iliwakataza kuiondoa alama ya mpaka wa jirani (rej. Kumb 19:14).

Hata hivyo tusiipambe historia kupita kiasi. Utaratibu huo wa zamani ulikuwa na dhuluma zake. Mtawala wa jadi, yaani Omukama, aliweza kumpa mkubwa fulani eneo lenye watu wanaoishi humo, nao wakajikuta ni wapangaji katika vibanja vyao wenyewe, wakitoa mazao na kazi kwa bwana mpya. Huo ndio mfumo wa nyarubanja, uliowaumiza wengi na kuwaachia wajukuu kesi zisizokwisha. Tokea mwanzo, basi, watu wa Bukoba na Muleba wamejua mambo mawili: mpaka unaoshuhudiwa na majirani hudumu, na mpaka unaotolewa na mwenye nguvu juu ya vichwa vya wakaaji huzaa manung'uniko ya vizazi vingi.

Mstari wa mwaka 1890

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana maeneo ya ushawishi katika Afrika ya Mashariki. Magharibi ya Ziwa Viktoria waliamua mpaka ufuate nyuzi moja ya latitudo, kusini ya ikweta. Hakuna mzee wa Kiziba, wa Missenyi wala wa Buddu aliyeulizwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Emin Pasha alifika na kuanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba.

Mstari huo ulipita moja kwa moja, bila kujali mto wala msitu. Mto Kagera, ambao kwa macho ya mtu yeyote ungeonekana kuwa mpaka wa asili, ukabaki kusini ya mstari kwa sehemu kubwa, na kipande cha nchi kilicho kaskazini ya mto kikawa upande wa Bukoba. Katika kipande hicho ndimo ulimo msitu wa Minziro. Msitu huo hauishii mpakani, kwani upande wa Uganda unaendelea kwa jina la Malabigambo, katika eneo la Sango Bay. Ni msitu mmoja wenye majina mawili, sheria mbili na askari wa aina mbili.

Minziro ni msitu wa pekee katika Tanzania. Sehemu kubwa hujaa maji nyakati za mvua, kwa sababu uko katika bonde la chini la Mto Kagera. Miti yake, pamoja na mipodo iliyowavutia wapasuaji mbao tangu zamani, na ndege na vipepeo wake, ni jamaa wa misitu ya Kongo kuliko wa misitu ya pwani au ya Usambara, na wapo ndege kadhaa wanaopatikana humo ambao hawaonekani kwingineko nchini mwetu. Eneo lake ni takriban hekta 25,000. Serikali za kikoloni, ya Wajerumani kwa kanuni zao za misitu na kisha ya Waingereza kwa sheria yao ya misitu ya mwaka 1921, ndizo zilizoleta wazo la msitu wa hifadhi, yaani msitu ambao mwananchi hawezi kukata mti wala kulima bila kibali. Katika miaka ya karibuni Minziro umepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Eneo hilo, lililokuwa sehemu ya Bukoba Vijijini, sasa liko katika Wilaya ya Missenyi.

Wenye umri mkubwa hawahitaji kukumbushwa jinsi mstari ule wa 1890 ulivyotugharimu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuikalia nchi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba wakatangaza kwamba mto ndio mpaka mpya. Daraja la Kyaka lilivunjwa, nyumba zilichomwa, ng'ombe waliswagwa, watu waliuawa na wengine wakakimbilia kusini wakiwa na watoto migongoni. Vita viliisha mwaka 1979, na mwaka huohuo mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Watu walirudi Minziro, Kakunyu na Mutukula. Lakini aliyekimbia vita na kurudi akiwa amepoteza kila kitu hana karatasi ya kuonyesha shamba lake liliishia wapi. Mtaalamu yeyote anayepima mipaka katika ukanda ule yampasa kulikumbuka jambo hilo kabla hajamwita mtu mvamizi.

Baada ya Uhuru

Serikali ya Uhuru iliondoa mamlaka ya watawala wa jadi mwaka 1963. Kisha ikapitisha sheria ya mwaka 1965 iliyowakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikapanua ukombozi huo kwa wapangaji wengine wa kimila. Aliyekuwa akilima kibanja akawa ndiye mwenyewe. Ni tendo la haki ambalo vijana wetu hawalifahamu vya kutosha.

Ilipofika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania. Kwetu, katika maeneo ya migomba yenye watu wengi, wengi hawakuhamishwa, kwa kuwa kibanja cha kudumu hakihamishiki. Walichofanyiwa ni kuandikishwa kuwa kijiji mahali walipokuwa. Jambo hili lina matokeo hadi leo. Vijiji vingi viliandikishwa kwa majina na kwa idadi ya kaya, bila kupimwa mipaka, na mahali vilipokutana na rweya, ranchi ya taifa au msitu, kila upande ulibaki na imani yake. Vipimo vilipokuja miaka mingi baadaye, kila mmoja aliona ameporwa.

Wakati huohuo wazo la hifadhi lilikuwa linakua. Duniani kote wazo la hifadhi ya taifa lilikuwa limeanzia Yellowstone, Marekani, mwaka 1872, na lilikuja likiwa na dhana kwamba nchi nzuri ni nchi isiyo na watu. Kwetu Tanzania Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1959 ikagawanywa, Wamasai wakaondoka Serengeti na kubaki Ngorongoro. Jirani na Muleba, kisiwa cha Rubondo kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na wakaaji wake wakaondolewa. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa huko sokwe wapatao 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya, na mwaka 1977 kisiwa kikawa Hifadhi ya Taifa. Leo Rubondo ni mazalia muhimu ya samaki, na mvuvi wa visiwa vya Muleba anafaidika na samaki wanaozaliwa katika maji yaliyolindwa hata kama yeye mwenyewe haruhusiwi kuyaingia. Ukweli huo tuukubali. Lakini tukubali pia kwamba walioondoka Rubondo walikuwa watu wenye majina, wenye makaburi ya wazee wao kisiwani, na kwamba historia yao haijaandikwa popote kwa urefu unaostahili.

Burigi: kutoka pori hadi hifadhi ya taifa

Upande wa magharibi na kusini wa Muleba liko Ziwa Burigi na nchi pana iliyokuwa pori la akiba kwa jina hilohilo, ikipakana na Biharamulo na Kimisi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda. Kambi za Ngara na Karagwe zikawa miji mikubwa ghafla, bila kuni za kutosha, bila nyama, na bila matumaini. Hadi wakimbizi waliporudishwa mwishoni mwa 1996, miti ilikuwa imekatwa kwa maili nyingi kuzunguka kambi, na wanyama wa Burigi na Biharamulo walikuwa wameuawa kwa wingi. Sitaki kumlaumu mama aliyekata mti ili awachemshie watoto wake mahindi. Nataka tu tuone kwamba hifadhi inaweza kuharibika pasipo mtu yeyote kusogeza kigingi, pale dunia inapowatupa watu mpakani na kuwasahau.

Baada ya hapo zilikuja operesheni. Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili nchi nzima. Ujangili ulikuwa wa kweli, na tembo walikuwa wakiisha. Lakini operesheni ilisitishwa baada ya wiki chache kwa sababu ya malalamiko ya mateso, vifo na uporaji wa mali za raia. Kamati ya Bunge ilichunguza, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne waliachia nafasi zao. Mmoja wao, aliyetangaza mwenyewe kujiuzulu akiwa bungeni, alikuwa Balozi Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii na Mbunge wa Bukoba Mjini. Tukio hilo liliwekea taifa kumbukumbu muhimu: lengo jema la kulinda viumbe halihalalishi kumtesa binadamu.

Mwaka 2019 ulileta mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707, inayogusa wilaya za Muleba, Biharamulo, Karagwe, Ngara na Chato. Rais John Magufuli aliizindua Julai mwaka huo. La pili, Januari mwaka huohuo Rais aliagiza kusimamishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyomo katika maeneo ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane chini ya William Lukuvi, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, ikapita kuchunguza. Baadaye ilitangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro ya aina hiyo nchini vitabaki.

Basi mwaka mmoja uliona hadhi ya ulinzi ikipanda kwa upande mmoja, na vijiji vikitambuliwa kwa upande mwingine. Je, mambo haya yanapingana? Si lazima. Kijiji kinaweza kutambuliwa na hifadhi ikaheshimiwa, mradi mstari ulio kati yao ujulikane na pande zote mbili. Lakini neno la kubakishwa halitoshi lenyewe. Mpaka ramani ibadilishwe, tangazo litolewe katika Gazeti la Serikali, na vigingi vionekane, mwanakijiji anaishi kwa kauli, na kauli inaweza kusahauliwa na kiongozi ajaye.

Nani mwenye mamlaka ya kubadili mpaka?

Hapa wengi wetu tunachanganyikiwa, na mkanganyiko huo huwafaidisha wajanja. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zimeigawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Kila fungu lina msimamizi wake.

Hifadhi ya Taifa, kama Burigi-Chato, mipaka yake haibadilishwi na halmashauri. Ni jambo la Rais kwa ridhaa ya Bunge. Diwani anayewaahidi wapiga kura kwamba atawarudishia kipande cha hifadhi ya taifa anaahidi kitu kisichomo mkononi mwake, ingawa anaweza kulifikisha ombi kwa wenye mamlaka. Msitu wa hifadhi wa taifa, kama Minziro, uko chini ya waziri mwenye dhamana ya misitu. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imetambua pia misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, ambayo halmashauri inaisimamia moja kwa moja, na misitu ya hifadhi ya vijiji, ambayo kijiji chenyewe huitenga na kuitunza kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji. Swali la kwanza, basi, la kumwuliza mtaalamu anayefika na vipimo vyake ni hili: Eneo hili ni la aina gani, na tangazo lake ni la mwaka gani?

La pili ni kujua haki ya kijiji pale ardhi yake inapotakiwa kuhamishwa kwenda kwenye hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka tangazo litolewe katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, likieleza eneo, ukubwa, mipaka na sababu, na zipite siku zisizopungua 90 kabla ya uhamisho. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua baada ya kuyazingatia. Wanaopoteza haki zao yapaswa fidia yao ikubaliwe kabla ya uhamisho. Nawaomba msiyapuuze maneno haya. Mkutano mkuu wa kijiji ambao watu hawahudhurii, kisha muhtasari wake ukaandikwa na watu watatu jioni, ndio mlango ambao ardhi nyingi imepitia.

Rweya tunayoipoteza wenyewe

Mpaka hapa nimezungumzia mipaka inayochorwa na Serikali. Haki inadai tuseme pia juu ya mikono yetu. Rweya ya Bukoba na Muleba ilikuwa mali ya wote. Mjane asiye na ng'ombe wala fedha aliweza kwenda kukata nyasi, akatandaza migombani kwake, na migomba ikazaa. Leo sehemu kubwa ya rweya imegawanywa, imeuzwa au imejaa misonobari na mikaratusi ya watu wenye uwezo, wengi wao wakiwa mjini. Mti huleta fedha, sikatai. Lakini chemchemi zilizozungukwa na mikaratusi zinapungua, na mwenye kibanja kidogo hana tena nyasi wala mahali pa musiri. Hapakuwa na operesheni, wala askari, wala ramani ya kikoloni. Mali ya wote ilimegwa kimyakimya, kipande kwa kipande, na majirani tukatazama.

Vivyo hivyo kwa mulamula unaong'olewa usiku na kupandwa hatua tatu mbele. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Nabothi kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake (rej. 1 Fal 21), na tamaa ya namna hiyo haikuhitaji ufalme ili izaliwe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kinachosikika kwa pamoja. Pale rweya yetu ilipoisha ndipo mjane alipokosa nyasi.

Nani anasikilizwa, na kumbukumbu iko wapi?

Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu ambayo inasomwa katika vyuo vya sheria hadi nje ya nchi. Kesi yenyewe ilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, wilayani Muleba. Mama mmoja Mhaya alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na ndugu akapinga kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza. Jaji alisema kwamba katazo hilo linapingana na Katiba na mikataba ya haki za binadamu, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo.

Ninaikumbusha hukumu hiyo kwa sababu mapitio ya mipaka mara nyingi hufanywa kwa kuwauliza wazee wa kiume peke yao. Lakini ni nani anayelijua pori kwa undani kuliko mama anayekwenda kuni, anayechota maji, aliyelima musiri kwa miaka arobaini? Yeye anajua chemchemi ilikuwa wapi kabla haijakauka. Na mfugaji, na mvuvi wa kambi ya kisiwani, na mhamiaji aliyeishi kijijini miaka ishirini, nao wanajua mambo ambayo hayamo katika ramani. Mapitio yasiyowasikia hawa huzaa mapitio mengine baada ya miaka mitano.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo naweka mbele yenu mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila kijiji kinachopakana na hifadhi kitafute nakala ya tangazo la Gazeti la Serikali na ramani yake, pamoja na cheti chake cha ardhi ya kijiji, na kuzihifadhi mahali panapofahamika na wote, wala si nyumbani kwa mtu mmoja.

Pili, mipaka itembelewe kwa miguu wazee wangali hai. Vijana waende nao, na waandike majina ya vilima, mito na miti ya alama. Watu wa hifadhi na wa halmashauri waalikwe watembee pamoja nao. Mpaka uliotembelewa na pande zote una mashahidi, kama ule wa mulamula.

Tatu, tusisahau kumbukumbu zilizomo mikononi mwa Kanisa. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892, na tangu hapo vitabu vya ubatizo na vya ndoa vimekuwa vikitaja watu na mahali walipotoka. Vitabu hivyo havipimi shamba, lakini vinaweza kuonyesha kwamba mahali fulani palikuwa na kaya mwaka fulani. Yeye mwenye shida ya kweli ya namna hiyo na amwone paroko wake kwa utaratibu unaofaa. Na kwa kuwa parokia nyingi nazo zilipewa ardhi na watawala wa zamani, mipaka ya Kanisa nayo iwe wazi kwa majirani zake, isije ikawa tunawadai wengine lile tusilolitenda.

Nne, tuseme ukweli hata unapotuumiza. Aliyeingia msituni mwaka juzi asijifiche nyuma ya bibi aliyezaliwa hapo kabla ya mpaka. Anapofanya hivyo anaidhoofisha haki ya bibi huyo, kwa kuwa mbele ya tume wote wawili wataonekana ni waongo.

Wapendwa, mapitio ya mipaka yatakuja tena, kwani idadi yetu inaongezeka na ardhi haiongezeki. Mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa kwa ajili hiyo, nendeni mapema, nendeni na mama zenu, sikilizeni muhtasari ukisomwa mpaka mwisho, na kataeni kwa upole kutia sahihi karatasi msiyoisoma.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.